Nchi Iliyokosa Watani

Palikuwa na nchi ambayo ninyi hamuijui, na msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa kuwa nimeitunga mwenyewe na haifanani hata chembe na nchi yoyote ambamo mnalipa kodi. Nchi hiyo ilikuwa na bonde katikati. Upande wa mawio waliishi Wandele, walaji wa ugali wa ulezi. Upande wa machweo waliishi Walungi, walaji wa ndizi. Watu hawa walikuwa wametengana kwa miaka sitini na mitatu, na katika muda huo wote, pande zote mbili, hakuna mtu hata mmoja aliyekufa akaenda zake.

Naona mnakunja uso. Wandele na Walungi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Katika nchi hiyo mtu akifa, kazi ya ndugu zake ni kulia, hawana nyingine. Kazi ya kuzika ni ya mtani. Mtani huja bila kualikwa, huvaa nguo za marehemu, hutembea alivyotembea, hurudia uongo aliozoea kuusema, kisha hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe jogoo. Marehemu huyasikia yote. Akitaniwa sawasawa hucheka mara moja, huinuka, hujikung'uta, huenda kulala mahali pake pa kudumu. Asipotaniwa, hukaa. Hanuki, hali, hasemi, hasogei. Anakaa pale pale alipokatia roho, macho wazi, akingoja.

Mambo yaliharibika siku alipokufa mtemi mmoja wa Wandele. Walungi walikuja kama kawaida yao. Mtani wao mkuu akavaa joho la mtemi, akatanguliza tumbo, akatangaza kwamba mtemi hakufa, ameenda tu kuangalia kama huko ahera kuna kodi ya kukusanya. Watu wote wakacheka, na marehemu mwenyewe akacheka, akaenda. Mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa mrithi, ambaye alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na huko alikuwa amefundishwa kwamba mtawala hachekwi. Aliamuru yule mtani achapwe viboko arobaini palepale msibani. Kufikia mwezi uliofuata boma la miiba lilikuwa limeota bondeni kutoka kaskazini hadi kusini. Vitabu vya shule vya Wandele vinasema lilipandwa na Walungi. Vitabu vya Walungi vinasema lilipandwa na Wandele. Vitabu vyote viwili vilichapishwa na wizara moja.

Maana serikali ilikuwa moja. Ilitawala pande zote mbili kwa haki sawa, na kiongozi wake aliitwa Mwunganishi Mkuu wa Taifa. Alilipwa kwa kuunganisha, na angeendelea kulipwa mpaka amalize. Sioni kwa nini watu wabaya walisema hakuwa na haraka. Tena serikali haikuwabagua marehemu. Waliandikishwa, wakahesabiwa, na kila uchaguzi walipiga kura mapema, kwa amani, na kwa wingi kuliko walio hai. Walikuwa raia pekee wasiolalamika kuhusu barabara.

*

Upande wa Wandele aliishi mwanamke mmoja aitwaye Bi Semeni, na mumewe, Mzee Lukindo, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha kamba kwa mwaka wa kumi na moja.

Alikufa akivua viatu. Kwa hiyo alikaa akiwa na kiatu kimoja mguuni, na kingine Bi Semeni alikiweka kando yake, mahali ambapo angekiona. Kila asubuhi alimpangusa vumbi usoni kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mvua ikija upande ule, alikivuta kiti ndani. Alimsimulia habari za kijiji: nani kaoa, nani kahama, bei ya chumvi imefika wapi. Watoto wao wawili walikuwa wamehamia mjini, na kila sikukuu walituma salamu kwa wazazi wote wawili.

Msifikiri hakujaribu. Alimtania kwa kila alichokijua, na baada ya miaka thelathini na minne ya ndoa alijua mengi. Alimwita mchoyo, mwongo, mkoromaji. Mzee Lukindo hakupepesa hata jicho. Maneno ya mke ni maneno ya mke tu, alikuwa ameyazoea tangu uhai wake, na ndugu wa upande mmoja akitania ni kama mtu anayejitekenya. Basi Bi Semeni alibaki na kile alichoruhusiwa, akalia, na machozi nayo yakaisha katika mwaka wa tano hivi.

Jambo moja lilimsumbua. Alikuwa anazeeka, na magoti yalishaanza kukataa. Siku atakayokufa yeye hakutakuwa na wa kumpangusa mtu vumbi. Watakaa wawili mlangoni na buibui watawafumia. Alitaka mumewe apumzike kabla ya siku hiyo. Wakati huohuo aliogopa asubuhi atakayofungua mlango akute kiti kitupu. Aliyataka na kuyaogopa yote mawili kila siku, na hakumwambia mtu.

*

Katika mwaka wa sitini na tatu wa utengano, Mwunganishi Mkuu wa Taifa, Mheshimiwa Dokta Ngwamizi, aliota ndoto kwamba ameunganisha. Alipoamka aliunda Wizara ya Maungano, na wizara ikaunda Kamati ya Kuhakiki Mizaha.

Kamati ilikuwa na wajumbe arobaini, ishirini kila upande, wote watu wazito ambao hakuna aliyewahi kuwaona meno. Walikaa miezi kumi na minne kwenye hoteli moja tulivu kando ya ziwa. Walipokea mizaha elfu tatu, mia moja na kumi na miwili. Kwa kulinda heshima ya pande zote waliondoa mizaha yote iliyohusu tumbo, pua, uchoyo, uvivu, chakula, wakwe, mwendo wa mtu na uongo wa mtu. Ikabaki mitatu. Utani Namba Moja ulisema: "Marehemu alikuwa mtu wa watu, ingawa siku chache alichelewa kidogo kufika." Namba Mbili ulikuwa huohuo, kwa ajili ya wanawake. Namba Tatu ulitengwa kwa viongozi: "Marehemu alizidisha kufanya kazi."

Siku ya uzinduzi, marehemu wa Wandele walipelekwa uwanja wa taifa kwa malori, kila mmoja na kiti chake au kitanda chake. Bi Semeni alikuwa amemvalisha mumewe koti lake la kahawia na kumfunga kiatu cha pili. Kabla ya lori kufika alifunga mlango, akapiga magoti mbele yake, akamuaga. Alimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa hayakuwa yenu. Kisha akapanda naye, akakishika kiti njia nzima kisidondoke kwenye mashimo.

Uwanjani walipangwa kwa herufi. Watani rasmi mia mbili, Walungi waliohitimu semina ya wiki mbili, walipita katikati ya mistari wakiwa wamevaa fulana za wizara, wakausoma Utani Namba Moja kutoka kwenye karatasi. Marehemu elfu kumi na moja walitazama mbele. Upande wa jukwaa kuu mmoja alionekana kutabasamu, wapiga picha wakakimbilia huko, lakini mkewe akaeleza kwamba mdomo wake ulikuwa hivyo tangu kuzaliwa.

Mheshimiwa akasimama kuhutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "mlio hai na mlio katika hali nyingine. Nimefarijika sana kuona kwamba katika umati huu mkubwa hakuna marehemu hata mmoja aliyenyanyuka kupinga. Hii ni ishara ya ukomavu wa kisiasa."

Mvua ikanyesha kabla hajamaliza. Bi Semeni alimfunika mumewe kwa khanga yake, yeye akalowa. Walirudi jioni, akamweka mlangoni palepale, akamvua kile kiatu kimoja ili awe alivyokuwa. Machozi aliyodhani yamekwisha yalirudi, kwa sababu ni vigumu kumuaga mtu asubuhi na kumpangusa matope jioni.

*

Kwa kuwa uzinduzi ulifaulu, wizara ilianzisha awamu ya pili, Mpango wa Kaya kwa Kaya. Kila nyumba ya Wandele yenye marehemu ilipangiwa nyumba moja ya Walungi yenye marehemu, wakatanie kwa zamu, kwa kibali cha siku moja, mbele ya afisa. Bi Semeni alipangiwa mwanamke aitwaye Sikudhani, mfuma vikapu.

Sikudhani alifika Jumamosi saa nne asubuhi, akiongozana na Bwana Kilumbe, Afisa Maungano wa Kata, aliyebeba jalada kwapani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye vidole vilivyokatwakatwa na ukindu. Bi Semeni hakuwahi kumwona Mlungi kwa karibu. Shuleni alifundishwa kwamba wana vidole sita mguuni, basi jambo la kwanza aliloangalia ni miguu ya mgeni. Alipoinua macho akamkuta mgeni naye anaitazama yake.

"Shikamoo, mama," Sikudhani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita."

Bwana Kilumbe alisimama mbele ya Mzee Lukindo, akakohoa, akampa Sikudhani karatasi. Sikudhani akasoma kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, ingawa siku chache alichelewa kidogo kufika. Mzee Lukindo akaendelea kutazama njia. Afisa akaweka alama ya vema kwenye fomu, akasaini mara tatu, akala kuku mzima aliyeandaliwa kwa ajili ya watu wanne, akaenda kulala kwenye kivuli cha ghala.

Wanawake wakabaki jikoni na ugali. Walikuwa na adabu nyingi, maana kwa miaka sitini na mitatu hakuna upande uliokuwa umeutania mwingine, na hawakujua waanzie wapi. Sikudhani alimega tonge, akatafuna kwa muda mrefu.

"Mama, usinielewe vibaya," akasema hatimaye. "Huu ni ugali, au mmekwangua ukuta?"

Bi Semeni aliyahisi maneno yale yakimwingia mwilini, akajiuliza kama ndiyo haya yaliyomponza yule mtani wa zamani. Kisha kitu ambacho bibi yake alikijua, na yeye hakujua kama anacho, kikamjia kinywani.

"Mwanangu, na ninyi mnaokula ndizi asubuhi mpaka jioni, mkia bado haujaota?"

Sikudhani akapaliwa. Bi Semeni akampiga mgongoni, na alipokuwa akimpiga mgongoni wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka tonge zikaanguka chini.

"Sasa niambie," Sikudhani alisema akijifuta macho. "Mzee alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa watu."

"Hayo ya kwenye karatasi, mama. Mimi namuulizia mume wako."

Bi Semeni akafunguka. Alisema kuwa Mzee Lukindo alikuwa mpima pamba na alitembea kifua mbele kana kwamba anakagua gwaride. Alisema alikuwa na kovu pajani alilosema ni la chui. Ukweli ni kwamba lilikuwa la beberu wa jirani, aliyempiga pembe siku mzee alipokuwa akiiba mapera. Kila alipokisimulia kisa, chui alizidi kukua, na katika miaka yake ya mwisho walikuwa chui wawili. Tena sukari aliifungia ndani ya mkebe. Wageni wakija aliwakorogea chai mwenyewe, bila kutia kitu, akakoroga kwa bidii, akaonja kijiko, akasema: "Naam, sasa imekolea."

Sikudhani aliosha mikono, akatia mapera mawili kifuani, akaenda mlangoni. Alimvua Mzee Lukindo koti la kahawia kwa upole, mkono mmoja baada ya mwingine, akalivaa. Likamfika magotini. Akatoa kifua, akaburuta mguu, akakizunguka kiti akiwakagua kuku waliokuwa uani.

"Walikuwa wawili," akasema kwa sauti nzito. "Wawili, na mimi peke yangu, mikono mitupu. Mmoja alikuwa mkubwa kama hiki kibanda. Nikamwambia, wewe chui, unanijua mimi? Akasema." Hapo akapiga magoti, akaweka mikono chini, akalia kama beberu, mee, huku mapera mawili yakimdondoka kifuani.

Mdomo wa Mzee Lukindo ulicheza.

Bi Semeni akaziba wake kwa mikono yote miwili. Sikudhani akainuka, akachukua kikombe kitupu, akakaa mbele ya marehemu na kuanza kukoroga. Alikoroga kwa uchungu, ulimi nje, jasho likimtoka. Akaonja. Akafumba macho. "Naam," akasema, "sasa imekolea."

Mzee Lukindo akacheka. Kilikuwa kicheko chake chenyewe, kile chembamba kinachoishia kwenye kikohozi, ambacho mkewe hakuwa amekisikia kwa miaka kumi na moja. Aliinuka. Alijikung'uta suruali, akavaa kiatu cha pili, akamtazama mkewe kwa muda ambao Bi Semeni hakuupima. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililochimbwa tangu mwaka aliokufa, ambamo kuku walikuwa wakitagia. Alimtoa kuku mmoja taratibu, akajilaza kwa ubavu wa kulia, alivyopenda kulala.

Bi Semeni alikuwa anacheka. Alicheka wakati wanafukia, akacheka wakati wanasawazisha udongo, na ilipofika wakati wa kuacha akagundua kwamba kile hakikuwa kicheko tena. Sikudhani alimshika mpaka alipotulia.

"Wako ni nani?" Bi Semeni akauliza.

"Binti yangu, Kibibi. Alikuwa na miaka tisa. Homa, siku tatu tu. Huu ni mwaka wa nne amekaa kizingitini."

"Nifundishe."

Na Sikudhani akamfundisha, bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Kibibi aliruka kwa mguu mmoja kila mahali, hata akitumwa moto kwa jirani. Akiambiwa anawe miguu aliilowesha juu tu, nyayo akaziacha na vumbi lake. Mezani alisema ameshiba, baadaye akaonekana nyuma ya mlango anakwangua ukoko wa sufuria. Aliwaamrisha watu wazima mkono kiunoni, kama mwalimu mkuu: we baba, hebu kaa vizuri. Nyimbo alizijua nusu, nusu iliyobaki akaiimba kwa pua. Bi Semeni alijaribu kuruka kwa mguu mmoja. Magoti yakapiga kelele, akajaribu tena.

"Mkono uwe juu zaidi kiunoni," Sikudhani akasema. "Hivyo. Hivyo hasa."

"Jumatano ndiyo siku ya kibali changu. Jumatano nakuja. Mwambie."

Bwana Kilumbe alipoamka alikikuta kiti kitupu. Akafungua jalada, akaandika: Utani Namba Moja umefanya kazi.

*

Taarifa ile ilipanda mezani kwa mkuu wa wilaya, ikapanda kwa waziri, na kila meza iliyopita iliongezewa sifuri. Ilipomfikia Mheshimiwa Dokta Ngwamizi, ilisema kwamba marehemu elfu kumi wamekwenda zao na taifa limeungana. Mheshimiwa alisoma mara mbili. Hakuwa ametegemea kufaulu akiwa bado madarakani.

Jumapili alihutubia kwa redio. "Umoja umefika," alisema. "Kuanzia kesho saa kumi na mbili asubuhi hakuna Mndele, hakuna Mlungi. Sote ni Wamoja. Boma la miiba linang'olewa. Na kwa kuwa mtani ni mtu wa upande mwingine, na sisi hatuna tena upande mwingine, utani unafutwa rasmi kama mabaki ya utengano. Tangu leo tuna ndugu tu."

Jumatatu alilikata boma kwa panga lililopakwa rangi ya dhahabu. Alikata mwiba mmoja, ukamchoma kidole, na plasta yake ikaonyeshwa kwenye magazeti yote. Mingine iling'olewa na wafungwa. Watu walicheza ngoma pande zote mbili, na Bi Semeni alicheza pia. Alijua kwamba njia ya kwenda kwa Sikudhani sasa itakuwa fupi. Yale mengine ya redio aliyachukulia kuwa maneno ya redio.

*

Jumatano alishuka bondeni. Boma halikuwepo, lakini lango lake lilikuwa limeachwa limesimama peke yake katikati ya uwanda mtupu, na watu walipanga foleni ndefu kupita ndani yake. Mtu angeweza kulizunguka kwa hatua kumi. Askari walisimama kulia na kushoto kuhakikisha kwamba hakuna anayelizunguka.

Langoni palikuwa na meza, kidau cha wino, na binti mmoja mpole wa wizara. Kila anayepita aliweka dole gumba na kutamka kiapo: Sina mtani, nina ndugu.

Mbele ya Bi Semeni alikuwa mzee wa Kindele, Mzee Tengaa, aliyekuwa akienda kumtania fundi mmoja wa Kilungi aliyekaa miaka ishirini juu ya ngazi. Mzee Tengaa aliisoma ile karatasi, akairudisha.

"Binti, nikiapa hivi, marehemu wa kule atakuwa nani wangu?"

"Ndugu yako, babu."

"Na nikifika nitafanya nini?"

"Utalia, babu. Ndugu si analia?"

Mzee Tengaa akavaa kofia yake, akageuka, akapanda kilima kurudi kwake. Bi Semeni alimsindikiza kwa macho, akamwona mkaidi. Alijiambia kwamba kiapo ni cha mdomo. Alijiambia kwamba Kibibi ni mtoto wa miaka tisa, mambo ya sheria atayajulia wapi. Zaidi ya yote aliahidi Jumatano. Asipoapa hafiki kabisa, na akiapa angalau anafika.

"Sina mtani," akasema, "nina ndugu."

Alibonyeza dole. Hakuhisi lolote. Alipokuwa akipanda upande wa pili alijihisi tu kama mtu aliyeacha kitu nyumbani asikumbuke ni kipi.

*

Kibibi alikuwa amekaa kizingitini, magoti pamoja, sweta la shule kifuani. Mama yake alikuwa amemsuka upya asubuhi ile, amempaka mafuta, amemvalisha soksi nyeupe. Majirani walijaa uani. Nyuma ya migomba lilionekana kaburi, fupi, limefagiliwa.

Sikudhani alimvua mtoto sweta akampa mgeni. Halikumwingia, basi Bi Semeni akalivaa kichwani, mikono ikining'inia masikioni. Akaanza. Aliruka kwa mguu mmoja uwanja mzima, na magoti yake siku ile hayakumsaliti. Alitia miguu ndani ya beseni akaitoa upesi, akaonyesha nyayo chafu kwa fahari. Alisema ameshiba, akajificha nyuma ya mlango, ikasikika sufuria ikikwanguliwa. Aliweka mkono kiunoni, juu kabisa, akamfuata jirani mmoja mnene: "We baba, hebu kaa vizuri." Akaimba wimbo, nusu kwa maneno, nusu kwa pua.

Uwanja mzima ulicheka. Sikudhani alicheka akiwa amefunika mdomo, machozi yakimshuka, kwa maana yule alikuwa Kibibi mtupu. Wote wakamgeukia mtoto.

Kibibi alikuwa akitazama mbele.

Bi Semeni akarudia tangu mwanzo. Akarudia mara ya tatu, na safari hii alipoimba sauti ilikatika. Majirani waliacha kucheka mmoja mmoja. Bi Semeni akalivua sweta kichwani, akaenda nyuma ya migomba, akafanya la mwisho ambalo watani hufanya: akajilaza kaburini, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Kaburi lilikuwa la mtoto. Miguu yake ilibaki nje tangu magotini. Alisema tena kwamba hatoki. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe, akiwa amelala pale huku anaangalia majani ya migomba, alianza kulia, akalia kwa sauti, kama alivyowahi kuwalilia watu wa tumbo moja na yeye.

Sikudhani alikuja akasimama juu yake.

"Mama, uliapa?"

"Niliapa."

"Na mimi niliapa. Walipita jana nyumba kwa nyumba." Hakuwa na hasira. "Bila kuapa ungefikaje?"

Alimpa mkono, akamtoa. Wakati huo gari la wizara lilikuwa limesimama njiani, na mpiga picha alikuwa anawaomba akina mama wawili wasimame karibu-karibu, hivyohivyo na udongo, kwa ajili ya kalenda ya Umoja. Akapiga tatu, akashukuru, akaondoka. Kalenda ilitoka mwaka uliofuata, na wao ndio walikuwa mwezi wa Aprili.

Majirani walitawanyika. Bi Semeni hakuwa na kazi nyingine tena pale isipokuwa ile ya ndugu, nayo hufanywa kwa kukaa. Akaenda kizingitini. Kilikuwa chembamba, na mtoto alikuwa amekaa katikati, kwa hiyo Bi Semeni akasimama kando, akitafuta pa kujiegemeza.

Kibibi, ambaye kwa miaka minne hakuwa amesogea hata kidogo, alijivuta pembeni, akampisha akae, kama mtoto mwenye adabu anavyompisha shangazi yake. Kisha akatulia tena, akatazama mbele.

Sikudhani aliona. Aliingia ndani kutafuta mkeka.